Friji ya Nev Kule Bandani

Alhamisi, 2 Novemba

Nimechoma bakuli za udongo kumi na nne za soko la Krismasi. Mbili zimepasuka. Basi.

Friji ya mume wangu Nev niliizima alfajiri, kama kila Jumanne na Alhamisi, siku zangu za kuchoma. Ikiwaka pamoja na tanuru langu, umeme wa banda lote unakatika. Yeye kashasema mara mia nisiiguse. Sawa, lakini tangu upasuaji wa tezi dume wa Machi hanywi bia, haendi kuvua, friji inapoza nini? Saa tisa naiwasha tena, yeye anarudi saa kumi, hakuna aliyeumia.

Ila leo alipotoka klabuni kwa timu yake alikwenda moja kwa moja kwenye hiyo friji. Akaifungua, akanigeuzia mgongo, akasimama pale muda. Nikamuuliza anatafuta nini. Ati anapunga hewa. Hewa ya friji! Mimi sikuzaliwa jana.

Jumamosi, 4 Novemba

Kaenda bandani, karudi mkono mmoja uko ndani ya shati, kajifungia bafuni nusu saa. Katoka kainamisha uso. Anaumwa? Haumwi. Ana nini? Hana kitu.

Bado analala chumba cha zamani cha binti yetu Tegan. Mwanzoni ilikuwa kidonda. Kidonda kikapona, ikawa joto. Mji huu wa Bowen una joto tangu tuoane, miaka arobaini na moja, na tulikuwa tunalala kitanda kimoja.

Jumatatu, 6 Novemba

Nilikwenda duka la dawa kuchukua vidonge vyangu vya presha. Marisa Tonello yuko kaunta, kapaka rangi ya midomo kama anakwenda harusini. Kaniuliza habari za bakuli, habari za Tegan. Halafu, kama mtu asiye na neno: "Na ile friji yenu ya bandani, shoga, bado nzima? Haizimiki-zimiki?"

Nikamwuliza kwa nini. Akajiumauma, akasema basi tu, friji za zamani zinasumbua.

Marisa hajawahi kukanyaga bandani kwangu. Kaijulia wapi friji yangu?

Jumanne, 7 Novemba

Mbio za farasi za Melbourne. Tanuru nililiwasha alfajiri, likawa linajiendesha, tukaenda klabuni kula na kutazama kwenye runinga. Wanawake wote makofia. Langu lile la bluu.

Farasi wangu kawa wa mwisho kasoro mmoja. Nani anajali. Nilipogeuka, Nev na Marisa wako pembeni kwenye mlango wa jikoni. Nev anasema kitu, Marisa anatikisa kichwa, halafu Marisa kamshika mkono. Kamshika! Nilipofika wakaachiana upesi, Marisa akaanza kusifia kofia yangu.

Mume wake kafariki miaka mitatu iliyopita. Namwonea huruma, lakini si kiasi hicho.

Alhamisi, 9 Novemba

Nimepekua ile friji. Sioni aibu.

Soda nne, haradali iliyokauka, na nyuma kabisa kopo la aiskrimu limeandikwa CHAMBO kwa mwandiko wa Nev. Hapa kila mtu ana kopo kama hilo, na hakuna mke mwenye akili anayelifungua. Lakini nikanusa. Halina harufu. Kamba wa chambo wa tangu Machi wasinuke?

Nikafungua. Boksi la sindano nyembamba zilizokwisha kujazwa dawa. Nafasi kumi, zimebaki nne. Na karatasi. Mstari wa kwanza: kwa mwanamume aliyepungukiwa na nguvu za kiume. Sikuweza kuendelea kusoma. Niliikunja, nikakaa juu ya gunia la udongo.

Sita zimetumika. Mimi hajanigusa tangu Machi, hata bega. Sasa hizo sita alikuwa na nani?

Nikarudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Saa tisa nikaiwasha friji. Chakula cha jioni nikajikausha, nikamwekea na viazi vya kuongeza.

Ijumaa, 10 Novemba

Kaaga anakwenda klabuni. Nikamfuata kwa gari la jirani. Hakwenda klabuni. Kaenda ufukweni, kaegesha, kala pai ndani ya gari, peke yake, saa nzima, macho kwenye maji. Marisa hakutokea.

Labda walikosana.

Jumamosi, 11 Novemba

Bandani, halafu bafuni, mlango akaufunga kwa ufunguo. Safari hii nilivua viatu nikasimama kwenye korido.

Maji ya bomba. Halafu nikasikia anavuta pumzi kwa namna niliyowahi kuisikia mara moja tu, siku tuliyomzika mama yake. Nikarudi jikoni upesi, nikamenya karoti ambazo sikuzihitaji.

Baadaye nikaenda kuhesabu. Zimebaki tatu. Na nyumbani leo hakukuwa na mwanamke mwingine ila mimi.

Sielewi tena. Ilikuwa rahisi nilipokuwa na hasira.

Jumatatu, 13 Novemba

Nimemwendea Marisa. Nilisubiri duka liwe tupu, nikamwambia nimeziona sindano, aniambie ukweli.

Kapauka. "Shoga, dawa ya mtu siwezi kuizungumza, hata kama ni mumeo. Nitafukuzwa kazi, na watakuwa na haki."

Nikasema basi nizungumze mimi: unatembea na Nev?

Kanitazama kwanza kama hakunisikia. Halafu akacheka, halafu akaona sicheki. "Nev? Glenys, yule mtu kila akifungua mdomo ni Glen hivi, Glen vile. Wewe nenda nyumbani ukaisome karatasi. Yote, mpaka nyuma."

Nilitoka uso unawaka.

Jioni, tukiwa kwenye nyama, Nev kasema bila kuniangalia kwamba Jumatano anakwenda Townsville kwa daktari, kumwambia basi. Basi nini? "Mambo fulani nilikuwa najaribu, nikupe siku moja habari njema. Yamekataa. Kila mara yamekataa. Mimi nimeisha, Glen. Wewe bado una maisha yako. Ukitaka kwenda kukaa kwa dada yako Mackay, sitakulaumu."

Nikaondoa sahani.

Jumanne, 14 Novemba

Naandika bandani, juu ya meza ya udongo. Tanuru linawaka tangu alfajiri. Nimelala saa mbili tu, nikaamka, nikazima friji kama kila Jumanne, mikono ilijua yenyewe.

Nev kaenda klabuni kuaga timu. Ndipo nikatoa kopo, nikasoma karatasi, mpaka nyuma.

Iwekwe ndani ya friji wakati wote. Isipigwe na mwanga. Ikipata joto itupwe, hata ikirudishwa kwenye baridi haitafanya kazi.

Nimesoma mara tatu. Sindano nilizoshika zina uvuguvugu kama chai iliyosahaulika. Boksi lina lebo ya dukani kwa Marisa, tarehe ya Agosti. Tangu Agosti, Jumanne na Alhamisi, saa tisa mfululizo za joto, tanuru liko hatua mbili kutoka kwenye huo mlango. Mara saba kajichoma sindano pale pa kuuma kuliko pote, kwa ajili yangu, akangoja peke yake bafuni. Hakuisha. Mimi ndiye niliyemmaliza.

Na kunificha kote kule, kopo la chambo! Angeniambia tu! Ningeambiwa ningeacha. Lakini na mimi sikumwambia kuhusu swichi.

Gari lake. Mapema. Ni yeye, nasikia geti.

Swichi ya friji na ya tanuru ziko karibu na kiwiko changu. Nikizima tanuru na kuwasha friji sasa, itanguruma kabla hajafika, kesho ataenda Townsville, atamwambia daktari basi, na hatajua kamwe. Hakuna atakayejua ila mimi na daftari hili.

Viatu vyake kwenye kokoto. Sijabonyeza. Kasimama mlangoni, kaniona na kopo mapajani, katazama tanuru, katazama friji.

"Glen," anasema. "Mbona friji haingurumi?"