Baba Abdiel, Mbuzi wa Mzee Swalehe Bado Yupo

Mwaka umetimia, Baba, tangu tulipokulaza pembeni ya migomba yako hapa Elerai. Wengine wakifikisha mwaka huandika kwamba pengo halijazibika. Letu pia halijazibika, na sehemu yake tumeichimba wenyewe. Anayeandika ni Sia, mwanao wa kwanza, kwa niaba ya Mama na wadogo zangu. Wameniachia kalamu kwa sababu kosa lilitoka kinywani mwangu.

Tuanze na mazuri, maana ulipenda chai itangulie kabla ya shauri. Tunalikumbuka duka lako la vipuri vya baiskeli pale Sakina, na koti lako la bluu ulilovaa hata jua la Januari likiwaka. Tunakumbuka vijiko vitatu vya sukari ulivyomwambia Mama kuwa ni kimoja. Mtoto akikuamkia njiani, ulishuka kwanza kwenye baiskeli ndipo ukaitikia marahaba. Kwaya ilikupangia besi, wewe ukaimba ulichotaka, na hakuna aliyethubutu kumrekebisha mwinjilisti.

Halafu kuna kazi ile iliyokuchukua kwetu. Miaka saba iliyopita, kule bondeni magharibi ya mlima, ng'ombe wa Waarusha waliingia kwenye mahindi ya Warangi. Maneno yakawa fimbo, fimbo zikawa moto. Mzee Lerionka, mfugaji na Mlutheri mwenzako, alimzika mdogo wake. Mzee Swalehe, mkulima na Mwislamu, alimzika mkwe wake. Usharika ukakupa wewe kazi ya kuwakalisha chini pamoja.

Mkutano wa kwanza ulikuwa aibu, na ulikuwa ukitusimulia bila kujificha. Kanisa lilichinja mbuzi wake, likapika, likapakua. Warangi hawakugusa nyama, kwa kuwa hawakujua imechinjwa na nani na kwa namna gani. Waarusha wakaona wamedharauliwa. "Wanatuona sisi najisi," alisema Mzee Lerionka, akainuka na fimbo yake. Ulisimama katikati ya ukumbi ukiwa umeshika mwiko, ukaomba radhi pande zote mbili mpaka sauti ikakauka. Kesho yake asubuhi ulikuwa mlangoni kwa Mzee Swalehe na jani la isale mkononi, jani tunaloombea msamaha sisi Wachaga.

Ndipo ulipokuja na mbuzi wako wa mikono mitatu. Kila mwezi kamati yenu ya watatu ingekutana hapa nyumbani, kwa kuwa Mchaga wa Elerai hana ng'ombe bondeni wala shamba bondeni. Mzee Lerionka angeleta mbuzi na kumshika. Mzee Swalehe angechinja kwa dua yake. Wewe ungegawa, kwani kugawa nyama tumezaliwa nako. Mzee Lerionka alikubali kwa shida, maana kwao mbuzi huzibwa pumzi na damu haimwagwi ovyo. Mzee Swalehe naye aliona taabu kuinama na kisu kikali karibu na mikono ya mtu yule. Ulituambia kwamba siku ya kwanza wote watatu mlitetemeka, na mbuzi peke yake ndiye aliyetulia.

Wakila, wanaongea. Wakiongea, njia ya ng'ombe inapatikana. Hiyo ndiyo ilikuwa theolojia yako yote, Baba, na miaka sita bonde lilikaa kimya.

Sisi hatukukuunga mkono. Tuseme ukweli, hapa ndipo panapouma. Tulikuita Baba wa Watu, na haikuwa sifa. Kwenye sendofu yangu, sherehe ya kuniaga kabla ya harusi, ulifika keki imeshakatwa, viatu vina tope la bondeni, unacheka kwa sababu watu wawili wamekubaliana mahali pa kisima. Wageni walikupigia makofi. Mimi nilitabasamu kwa ajili ya picha, lakini moyoni nilifunga fundo. Fundo hilo nililifungua siku ya mazishi yako, na nililifungulia juu ya watu wasio na kosa.

Siku ile baba mdogo Ndesanjo na wazee wa Machame walifika alfajiri. Walitaka shughuli iishe mapema wawahi kurudi. Mbuzi watatu walikuwa wamefungwa uani. Baba mdogo akauliza, "Tuanze, au kuna mtu tunamngoja?"

Mdogo wangu Ephraimu akasema, "Baba angemngoja Mzee Swalehe."

Nikasema, "Leo Baba ni wetu. Kamati ingoje."

Ni maneno machache tu. Ephraimu alinitazama, akaenda kuteka maji. Mama alikuwa ndani na akina mama, hakusikia. Baba mdogo akanoa kisu.

Saa tatu asubuhi pikapu ikasimama getini. Mzee Lerionka na Mzee Swalehe walikaa nyuma pamoja, na katikati yao mbuzi mmoja mweusi mwenye doa jeupe usoni. Walikuwa wamemnunua pamoja, kwa ajili yako. Mzee Swalehe alikuja moja kwa moja kwangu, akanipa pole, akakunja mikono ya kanzu yake.

"Kisu kiko wapi, mwanangu?"

"Tumeshamaliza, Mzee," nikamjibu. "Huyo mfungeni nyuma."

Alishusha mikono ya kanzu taratibu, mmoja, kisha mwingine.

Ibada ilikuwa nzuri. Mchungaji alikusifu kwa upatanisho, watu wakalia, na mimi nikalia kuliko wote. Wakati wa chakula nilipita na sahani mwenyewe, labda kwa kuwa dhamiri ilishaanza kunigusa. Mzee Swalehe aliweka mkono kifuani, akaomba maji tu. Nikamgeukia Mzee Lerionka. Yeye ni Mlutheri, Baba, hakuna kilichomzuia kula nyama ile. Yeye ndiye aliyeinuka na fimbo miaka ile kwa sababu watu wale wale hawakula.

"Mwenzangu hali," aliniambia. "Na mimi nimeshiba."

Wakanywa maji, wakakaa mpaka ulipofunikwa udongo, wakaondoka. Nilisimama na sahani ile mkononi mpaka ikapoa. Miaka yako sita ilikuwa imekaa pale kwenye benchi, imeshikamana, na mimi ndiye niliyekuja kuivunja nikiwa na kitambaa cha msiba kichwani.

Majuto ni mjukuu, na huyu wetu alikuja na kwato. Mbuzi alibaki nyuma ya nyumba. Siku ya pili baba mdogo, aliyebaki baada ya wenzake kurudi, alisema tumchinje, na Mama, aliyekuwa ameshasikia yote, akatoka na mkongojo wake. "Huyu si wetu," alisema. "Atakayemgusa ataanza na mimi." Tangu hapo Mama anamlisha maganda ya ndizi na kumweleza habari za nyumba. Amenenepa, ana kiburi, na amekula nusu ya ua wako. Kila asubuhi nikija kumjulia hali Mama, mbuzi huyo ananitazama kama anayejua jambo.

Kamati haikukaa tena. Mwezi wa nne mvua zilipoanza, ng'ombe waliingia kwenye mahindi kama zamani. Simu yako, ambayo Mama hajakubali izimwe, ikaita. Alikuwa Mzee Lerionka, na Mama akaweka spika nisikie.

"Mama Sia, vijana wa pande zote wamesimama na fimbo. Tumewazuia leo. Kesho sijui."

"Kaeni basi muongee, kaka yangu."

"Hatuwezi kuitana wenyewe. Mimi nikimwita, watasema ninamwonea. Yeye akiniita, watasema ananitega. Anayeita ni nyumba ya Abdiel, na nyumba ya Abdiel imenyamaza."

Mama alikata simu, akanitazama, akasema, "Umesikia."

Nilikata jani la isale pale kwenye mpaka wa shamba, Baba, ulipokuwa ukikata wewe. Nilimkuta Mzee Swalehe akipalilia. Nikapiga magoti kwenye tope nikamwambia yote, hata habari ya sendofu, hata la keki. Alilipokea jani, akaligeuzageuza.

"Hili ni jani lenu Wachaga, lakini mimi nalijua. Baba yako aliniletea mara mbili," akacheka kidogo. "Sina hasira na wewe, mwanangu. Nilijiuliza tu, Abdiel ameondoka na kazi yangu?"

Nilimwomba aje nyumbani Jumamosi ile ile, yeye na Mzee Lerionka, tumalize.

Akatikisa kichwa. "Uliniambia nifunge mbuzi nyuma, na watu walikuwa wanasikia. Sasa unaniita hapa shambani, tuko wawili na jembe. Mimi nitawazuia vijana wangu mpaka mwaka wa Abdiel utimie, na Lerionka atawazuia wake, tumeshaapiana. Lakini mkinitaka pale uani, niiteni mbele ya watu."

Ndiyo maana tumeandika, Baba. Tangazo hili litasomwa kanisani Jumapili. Mzee Swalehe amekubali lisomwe pia msikitini kwao baada ya swala ya Ijumaa itakayofuata, na Ephraimu atalibandika pale dukani Sakina, apitaye asome. Anayetuona tumejidhalilisha hajakosea.

Mzee Swalehe, sisi watoto wa Abdiel tulikunyima kazi yako mbele ya watu. Mzee Lerionka, tulikushindisha njaa nyumbani kwa rafiki yako. Tunawaomba radhi wote wawili, na tunawaita mbele ya kila asomaye: njooni Jumamosi hii saa tatu asubuhi, hapa Elerai, pamoja na watu wenu wa bondeni. Baba mdogo Ndesanjo atakuwepo. Naye amesema atanoa tu, hatashika.

Baba, hatujui kama watakuja. Mama ameshampiga mbuzi brashi, jambo ambalo hajawahi kumfanyia hata mmoja wetu. Ephraimu amejifunza kugawa, ingawa kidari bado kinamsumbua. Mimi nimeosha kisu nikakiweka mezani juu ya kitambaa cheupe, nikarudi nyuma.

Unakumbukwa na mkeo, Mama Sia. Na wanao Sia, Ephraimu na Pudensiana. Na wakwe zako Arnold na Agnela. Na mdogo wako Ndesanjo na ukoo wote wa Machame. Na wajukuu wako, ambao hawaruhusiwi kumpa mbuzi jina.

Hatutakusahau kamwe, Baba. Na hakuna wa nyumba yako atakayekigusa kisu kile tena mpaka mwenye kazi aingie getini na kukunja mikono ya kanzu yake.