Muziki wa Kutisha wa Rachida

Kasuku, Kindu
Tarehe 12 Mei 2024

Mpendwa mdogo wangu Ayoubu,

Assalaam aleikum. Hali yako huko Lubumbashi ikoje? Kile kifua kimepona, au bado unaamka ukikohoa? Sisi hatujambo. Magoti yangu yanalalamika, lakini yana miaka sabini na moja, ni haki yao.

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unataka nimrudishe Rachida kwako, kwa kuwa umesikia binti yako anatunga muziki wa mashetani kwa ajili ya filamu. Hakuna shetani, ndugu yangu. Niruhusu nieleze taratibu.

Filamu ya kutisha ukiizima sauti, mara nyingi utaona mtu anatembea tu kuelekea mlangoni. Muziki ndio unaokufanya utamani asifungue. Kazi ya Rachida ni hiyo. Filamu yenyewe anaitengeneza Kavugho, mama mmoja wa Butembo, nayo inahusu familia iliyojificha wakati wa vita.

Mwanzoni binti alikosea. Alijaza ngoma, mayowe na radi. Alipotusikilizisha, mke wangu Safia alicheka mpaka akaweka sufuria chini.

“Iyi njo muziki ya kuogopesha? Iyi ni ya ndoa! Bibi-arusi iko wapi?”

Rachida alicheka naye, lakini niliona limemchoma. Baadaye akaja kuketi karibu nami. “Baba mukubwa, wakati wa vita mulikuwa munaogopa sauti gani zaidi? Bunduki?”

Nikamwambia hapana. Bunduki ikilia unajua la kufanya, unalala chini. Nikamsimulia ule mwaka treni ilipokuwa haiji tena, nawe ukisukuma baiskeli ya mchele kutoka Kibombo siku tano, sita. Marehemu mama alikuwa akiketi nyuma ya mlango, akisikiliza. Alasiri tunasikia gurudumu barabarani: tik, tik, tik. Lakini wenye silaha nao walikuwa wamenyang'anya watu baiskeli, wakizisukuma vilevile na mizigo ya wizi. Gurudumu halikwambii nani analisukuma. Linakaribia, linapunguza mwendo, linasimama mbele ya nyumba. Hapo mama alikuwa hapumui. Wewe hukuyajua haya, kwa sababu kila mara ulikuwa upande wa pili wa mlango.

Kesho yake Rachida aliazima baiskeli ya muuza makaa, akairekodi kwa simu, kisha kwenye kompyuta akaipunguza mwendo na kuitilia chini yake sauti moja nzito, kama pumzi iliyozuiwa. Basi. Safari hii Safia hakucheka. Aliinuka akaenda kuhakikisha komeo la mlango. Nami niliyefundisha fizikia miaka thelathini, nikichora mawimbi ya sauti ubaoni, sikujua kwamba mtu anaweza kupima kimya kwa ustadi namna ile. Anajua hasa sekunde ya kuisimamisha ile tik. Hilo hakufundishwa na mtu.

Kavugho anataka atunge muziki wa filamu nzima. Mkataba utiwe sahihi kabla mwezi huu haujaisha. Binti yako amekataa kuugusa. “Bila baba kusema ndiyo, siwezi andika jina yangu.” Mimi ni mkubwa wako, ningeweza kumwamuru. Sitaki. Ni wewe uliyemfundisha heshima hiyo.

Hamidou anayekuletea barua hii ana muziki huo katika simu yake. Ni dakika mbili tu. Ukiisha kusikiliza, mpigie Rachida, usinipigie mimi. Ukisema arudi, nitamtafutia safari mwenyewe, wala sitanung'unika.

Nisalimie Malaika, mkeo, na watoto wote. Safia anakusalimu sana, anasema shemeji amesahau njia ya Kindu. Mola awape afya, na riziki isiwapite mlangoni.

Ila sikiliza kwanza, Ayoubu. Anayengojewa ndani ya muziki ule ni wewe.

Kaka yako akupendaye siku zote,
Masudi