Kitambaa cha Redio Kwenye Kombaini

Alhamisi, saa kumi na moja jioni. Ukungu umeondoka mapema leo, kilele cha Kibo kimekaa wazi kutwa nzima, na upepo ni ule mkavu tunaouomba kila msimu wa kuvuna ngano.

Daftari langu, leo nina mambo mawili. Nimefurahi kama mtoto aliyevishwa viatu vya Krismasi. Pia nimeaibika. Nianze na aibu. Furaha inaweza kungoja.

Jumatatu bwana shamba alipanda kutoka Moshi na kifaa ambacho hakuna aliyewahi kukiona huku kwetu. Ni ubao wa chuma, mwembamba, mpana kama sinia la chai. Unafungwa nyuma ya kombaini, mashine yetu ya kuvunia, pale mabua yanapotemwa. Punje ikiponyoka na mabua inaugonga ule ubao, na waya unapeleka habari mpaka mbele kwangu, kwenye saa ndogo yenye mshale. Punje zikiwa chache mshale unalala. Zikiwa nyingi unapanda mpaka kwenye rangi nyekundu. Wenzangu walikiita Sikio siku ile ile.

Mimi naendesha kombaini tangu shamba hili likiwa la mlowezi. Likataifishwa, nikabaki kwenye kiti kile kile. Na miaka yote hiyo sikujua ninachopoteza nyuma yangu. Dereva anatazama mbele, nyuma ni vumbi tu. Kwa hiyo bwana shamba aliposema Sikio lifungwe kwenye kombaini yangu, mimi niliyeishia darasa la nne, nilikwenda nyuma ya ghala nikamshukuru Mungu peke yangu.

Halafu nikaharibu.

Jumanne, siku lilipokwisha kufungwa, nilimsimulia mke wangu, Mama Aikande. Akauliza hicho kifaa kinalala wapi. Nikamwambia kinalala pale pale nje, kwenye umande na vumbi. Alinitazama kana kwamba nimemwambia mgeni wetu analala zizini. Akafungua kabati, akatoa kitambaa cha redio, kile kinene alichokifuma mwenyewe, chenye maua mekundu na neno KARIBU katikati. Nyumba gani huku ina redio isiyovikwa? Kitu cha thamani hakiachwi uchi. Nikarudi shambani jioni hiyo, nikakifunga juu ya ubao kwa kamba, nikakaza vizuri.

Jumatano asubuhi nilitaka kukitoa. Mkono ulikwishashika kamba. Kisha nikawaza: redio yetu inasema vizuri tu chini ya kitambaa, kwaya ya Jumapili inasikika mpaka kwenye migomba. Sikio litashindwaje kusikia? Na vumbi lilikuwa jingi.

Nikakiacha.

Jana, basi, mshale haukuinuka. Gia ya pili, umelala. Gia ya tatu, umelala. Niliimba tenzi kwenye usukani mpaka koo likakauka. Meneja wetu, kijana wa chuo ambaye kila asubuhi ananiamkia shikamoo kisha ananipa amri, alipanda akajionea kwa macho yake.

"Mzee, kumbe hatupotezi kitu," akasema. "Tumekuwa tunatambaa bure."

Jioni akaandika barua ya kwenda Moshi: kombaini zetu hazipotezi ngano, madereva wote wataambiwa waende gia ya tatu, na kifaa kinarudishwa kikasaidie mashamba mengine. Barua na Sikio vyote vilikuwa viondoke na Landrova leo saa sita mchana.

Sasa nije kwa Mama Ndeshi. Huyu ni jirani yangu, mjane, na ndiye kiongozi wa akina mama wanaoruhusiwa kuokota masazo kombaini ikishapita. Hakuna aliyewahi kuandika ruhusa hiyo popote. Ipo tu, tangu wakati wa mlowezi. Kwa kawaida beseni lake linajaa jua likianza kushuka. Leo saa tatu asubuhi, nimesimama ninywe chai, nikaliona limejaa na limefunikwa khanga, na yeye ameanza gunia.

"Baba Aikande, Bwana akubariki," akaniambia. "Jana na leo umetukumbuka. Mwendo uwe huo huo, usipunguze."

Mwenzake akadakia, "Mwache mzee, anakimbilia ndizi zake za kiburu zisipoe."

Nilicheka nao. Nilipiga hatua kama tatu hivi, kicheko kikanikauka mdomoni.

Nikachuchumaa, nikafunua mabua. Punje. Nikasogea, nikafunua tena. Punje, nono, zimetapakaa kama mtu amezipanda kwa mkono. Mshale ulikuwa umelala na ngano ilikuwa chini. Mmoja kati yao alikuwa anasema uongo, na ngano haijui kusema uongo.

Nilivuna mpaka saa tano bila raha, mshale umelala vile vile. Ndipo fundi Joseph akaja na spana kulifungua Sikio, maana Landrova ilikwishaanza kupakiwa. Nikamwomba kwanza apande kwenye kiti atazame mshale. Nikachota punje konzi moja, nikazimwaga juu ya kitambaa.

"Umeona nini?"

"Sijaona kitu."

Nikafungua kamba, nikatoa kitambaa, nikamwaga konzi nyingine juu ya chuma kitupu. "Umepanda!" Joseph akapiga kelele. Akashuka, akaja nyuma, akakuta nimeshika KARIBU mkononi. Alicheka mpaka akashikilia tairi.

"Mzee, umelifunika blanketi? Na kofia je, hukulivalisha?"

"Redio inasikika chini ya kitambaa," nikajitetea.

"Redio inasema yenyewe, mzee. Hii inapigwa. Ukiilaza kwenye godoro itajuaje kama imepigwa?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Nilielewa vizuri kuliko bwana shamba alivyonieleza Jumatatu.

Nitaandika na hili, maana daftari hili silidanganyi. Niliwaza kukitia kitambaa mfukoni na kunyamaza. Joseph ni rafiki, angenyamaza pia. Barua ingekwenda, akina mama wangeendelea kunibariki, na hakuna ambaye angemcheka Mama Aikande. Niliwaza hivyo njia nzima kutoka kwenye kombaini hadi mlango wa ofisi, na ni mwendo wa kutosha. Kilichonisukuma ndani sikijui hasa. Ningependa kusema ni ukweli. Lakini pia sikutaka Sikio liondoke, nilikuwa nimelipenda.

Nikaweka kitambaa juu ya meza ya Meneja, karibu na bahasha.

"Hiki nini?"

"Kitambaa cha redio, Ndugu Meneja."

"Kinafanya nini hapa?"

"Ndicho kilichoandika barua yako."

Nikamweleza yote. Alisoma lile neno KARIBU kama vile ni hati ya serikali. Nilingoja kufukuzwa. Akavaa kofia yake. "Twende."

Daftari langu, hapa sasa ndipo furaha ilipo.

Gia ya tatu: mshale uliruka, ukagonga mwisho wa nyekundu, ukang'ang'ania pale. Meneja alishika chuma cha kando kana kwamba tunaanguka. Gia ya pili: ukashuka mpaka katikati. Nikasimamisha. Nikakumbuka kwamba feni ikipuliza kwa nguvu inarusha punje pamoja na makapi, nikaipunguza. Nikalegeza chekeche kidogo. Tukaenda tena. Mshale ukashuka, ukashuka, ukatulia chini huku unatetemeka kidogo tu, kama jani la mgomba asubuhi isiyo na upepo.

Tukateremka, tukapiga magoti nyuma ya kombaini, Meneja na suruali yake ya ofisini. Tukafunua mabua. Punje moja. Hatua mbili mbele, punje mbili. Basi.

Sijui nieleze vipi. Ilikuwa kama nimepewa macho ya kisogoni katika uzee wangu. Nilikuwa nageuza skrubu hapa, na jambo linabadilika kule nisikokuona, na ninaambiwa saa ile ile. Mungu ametujalia watu akili ya namna gani, hata chuma kinasikia punje ikianguka.

Meneja aliichana barua. Akanipa karatasi. "Sasa andika wewe, mzee. Na kitambaa ukiandike." Niliharibu karatasi tatu. Ya nne imeondoka na Landrova saa nane, pamoja na habari zote za kitambaa cha mke wangu. Sikio limebaki kwetu mpaka ngano iishe.

Lakini saa kumi nilipita karibu na Mama Ndeshi. Tangu mchana beseni lake lilikuwa halijafika nusu. Akina mama walikuwa wameinama muda mrefu sehemu moja, kama watu waliopoteza sindano.

"Nani alikutuma ukalivue Sikio ile nguo?" akaniuliza. Hakuwa anacheka. Joseph hajui kukaa na habari.

Ngano ni ya taifa, na watu wa mjini wanapanga foleni ya unga. Hilo ni kweli. Na yeye ana wajukuu wanne, na hilo nalo ni kweli.

Nikarudi ofisini kwa mara ya pili leo. Nilimkumbusha Meneja Neno tulilolijua tangu Sunday school, kwamba usivune mpaka pembeni mwa shamba, uwaachie maskini na mgeni. Nikamwambia kombaini haiwezi kukunja kona kali, kila pembe inabaki ngano imesimama, na mwisho wa msimu tunapeleka watu wa mundu kuimaliza. Nikaomba watu wa mundu wasiende. Pembe ziwe za akina mama.

Akajikuna kichwa. "Mzee, asubuhi umenipa barua ya kuchana, jioni unataka pembe za shamba."

"Ndiyo, Ndugu Meneja."

"Wazipate msimu huu. Lakini iwe mbele ya macho yangu. Kesho nitasimama nione zina ukubwa gani."

Nimetembea kurudi nyumbani kwa haraka kuliko miguu yangu inavyopenda. Mama Aikande bado hajui kwamba kazi ya mikono yake imekwenda Moshi ndani ya barua. Nitamwambia baada ya chakula.

Najua kukunja kona kombaini ikaacha hatua nne tu za ngano kwenye pembe. Mikono yangu imezoea hizo nne kwa miaka mingi. Kukipambazuka, Bwana akinijalia, nitakunja kwa sita. Mshale hautasema neno, kwa kuwa Sikio halisikii ngano iliyosimama. Nitazima injini, nishuke, niseme mwenyewe: Ndugu Meneja, hizi ni sita.