Samaki Tuliowashibisha

Nyumba ya mwisho, karibu na ziwa
Jumapili, mvua imekatika

Mpendwa mwanangu, kitindamimba wangu,

Nakusalimu kwa moyo wote. U mzima? Kile kikohozi kimekuacha, au bado unalala dirisha wazi? Mkwe wangu hajambo? Na mjukuu wangu, lile jino lililong'oka limeota tena? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ila goti linanisumbua kukiwa na baridi. Usishtuke kuona barua, hakuna aliyekufa. Kwenye simu una haraka kila mara, na mimi nikishaambiwa "Mama, nakupigia baadaye," maneno yote yananitoka kichwani. Barua haikatiki. Uisome polepole, mwandiko wangu unaujua.

Neno lenyewe ni la ziwa. Ulisema likizo hii utamleta mtoto nimwone kwa macho yangu, na umemwahidi atavua perege pale kwenye jiwe la kufulia, kama ulivyokuwa ukivua wewe. Mwanangu, perege hakuna. Nimekaa na neno hili rohoni tangu ulipopiga, naogopa nikikuambia utasema basi, tungoje mwaka mwingine. Lakini siwezi kunyamaza, mtoto akaja akaingia majini, akaumwa.

Maji yamekuwa ya kijani, mazito, kama mtu kamwaga rangi ya mlango. Yananuka. Alfajiri samaki walikuwa wakija juu midomo wazi, wanatweta kama watu waliopanda mlima. Jua likichomoza wengine wanaelea, matumbo juu. Waliobaki ni kambale, maana hao wanajua kupanda kuvuta hewa.

Akaja mpima maji. Kijana mpole, ana mashine kwenye sanduku, lakini kitu anachokitumia zaidi ni kisahani cheupe kilichofungwa kamba. Anakishusha majini, anatazama kinapotelea wapi. Kikipotea mapema, maji ni mabaya. Siku ile ya kwanza hata mkono hakuunyoosha, kikawa kimeshapotea.

Tulidhani atatutajia watu wa mbali wa kuwalaumu. Yeye akauliza tu, nani anamwaga chakula hapa? Nikamjibu kwa fahari kabisa kuwa ni sisi. Unajua upande huu nyumba zimebaki na kina mama, watoto mmetawanyika. Kila mmoja bado anapika kwa sufuria ileile kubwa ya zamani. Kinachobaki tunawapelekea samaki jioni, tunakaa jiweni tukipiga soga huku wao wanakula. Tulipoona wanapungua tukasema wana njaa hawa, tukaongeza. Mimi nilifika mahali nawapikia wao hasa.

"Mama, hicho chakula kinaozea chini," akaniambia. "Kikioza kinamaliza hewa ya maji, tena kinaulisha huo ukijani. Samaki wanakosa pumzi." Akasema mbolea ya mashamba ya juu imo, na sabuni zetu zimo, lakini hilo la chakula tunaweza kuliacha leo.

Jirani yangu fundi cherehani, unaujua mdomo wake. "Haya jamani," akasema, "wenzetu wanamaliza samaki kwa nyavu, sisi tumewamaliza kwa shibe!" Tukacheka, na mpima akacheka. Nilipofika nyumbani nikalia. Sikukupigia, ungekuwa kazini.

Basi nimenunua sufuria ndogo. Muuza vyombo akaniuliza, "Ya mjukuu kuchezea, mama?" Nikasema ndiyo. Kumbe ni ya chakula cha mtu mmoja, mwanangu, na kazi hiyo sikuwahi kuijua. Mara chumvi imezidi, mara kimeungua nikigeuka tu. Mwiko ukigonga chini unalia, nyumba nzima inasikia, na nyumba nzima ni mimi.

Jioni zimekuwa ndefu. Wale samaki angalau walinizoea, nikikanyaga jiwe tu wanakusanyika. Sasa naenda mikono mitupu, natazama maji, narudi. Wenzangu nao hawakai sana. Bila sahani mkononi mtu anaona haya kukaa tu.

Juzi mpima alirudi, akanipa ile kamba nishike mwenyewe. Kisahani kikashuka, nikakiona, kikashuka tena, bado nakiona, ndipo kikapotea. Nilifurahi nusura niteleze. Akasema maji yanaanza kurudi, ila yatakwenda taratibu, tusiyaharakishe. Penye matete nimeona vifaranga vya perege, vidogo kama sindano za fundi. Sikuwatupia kitu. Nilijizuia, mkono ulikuwa unaniwasha.

Kwa hiyo nakuambia wazi. Mtoto hatavua, wala hataoga ziwani. Maji ya kunywa tunachota kwenye tangi la shule, ya ziwa mpima amekataza hata ukiyachemsha. Mwambie mkwe wangu asiwe na hofu, nitamchunga mtoto kama yai. Lakini njoo. Kama ulikuwa unakuja kwa ajili ya samaki, niambie nijue. Kama ulikuwa unakuja kwa ajili yangu, mimi nipo.

Fundi anakusalimu, anataka vipimo vya mtoto, ana kitambaa cha maua amekiweka. Shangazi yako anakusalimu, masikio yake yamezidi kuwa mazito, ukimpigia piga kelele. Nisalimie sana mkwe wangu, nibusie mjukuu wangu mashavu yote mawili. Mungu awafunike, awape riziki na pumzi.

Neno la mwisho. Ile sufuria kubwa nimeisugua ikang'aa, fundi akanipandishia juu ya kabati, imelala kifudifudi. Yeye ni mrefu, mimi siifikii hata nikipanda kigoda, na goti hili. Sitamwomba mtu aishushe. Utaishusha wewe.

Wako akupendaye, simu ikikatika na isipokatika,

Mama