Wimbo Wako Katika Kitabu cha Waskoti

Baba mpendwa,

Unisamehe, miezi saba imepita sijakuandikia. Mtoto bado halali vizuri, na kule Richfield ninakotunza wazee wameniongezea zamu. Kwenye simu tunaishia kusalimiana tu, na hili linataka karatasi; naipiga picha nimtumie Muthoni, aliye nawe hapo nyumbani, akusomee leo hii.

Kile kikundi cha nyimbo za Waskoti ulichopiga nacho huku kabla hujarudi nyumbani kinatoa historia yake, kitabu kidogo cha tamasha. Mama Morag, yule wa fidla, alinipa nikisome kabla hakijachapishwa. Nilikisoma nikinyonyesha. Wameeleza vizuri walivyoanza watu wanne, katika chumba cha chini cha kanisa, mjini Saint Paul, wakipiga nyimbo za kwao watoto wao wasizisahau. Halafu nikakutana na wewe: "Rafiki mmoja kutoka Afrika alipiga akodioni kwa muda."

Kwa muda, Baba. Miaka kumi na minne.

Na ule wimbo wako wa mwomboko, densi ya kwetu, uliotoka nao Nyeri, wameuandika eti wimbo wa kale wa visiwa vya Uskoti.

Nakumbuka ulivyoupiga mara ya kwanza. Nilikuwa na miaka tisa, nimekalia kasha la akodioni. Katika kikundi chao hakuna anayeanza wimbo kabla hajamtaja aliyemfundisha. Wewe ulisahau, ukaanza tu. Uliporudia, wote walikuwa wameushika, na mzee mmoja akasema bibi yake alikuwa akiuimba. Nikakuvuta koti. "Baba, waambie."

"Waache wafurahi, Njeri. Hata mwomboko wenyewe wazee wetu waliuchanganya na densi za hawa hawa. Nani ataanza kudai?"

Mimi. Juzi nilimkuta Mama Morag akipakia fidla kwenye gari, nikamwambia huo wimbo ni wa baba yangu.

Akaniangalia. "Alifundishwa na nani?"

Nikamwambia nitakuuliza.

"Niletee jina kabla ya Ijumaa ijayo, na huo ukurasa nitaubadilisha mwenyewe. Siku ya tamasha wewe ndiye utaupiga."

"Nina mtoto wa kunyonya."

"Mimi nilipiga nikiwa na mimba ya mapacha. Njoo naye."

Nitaenda. Wambui, huyu binti yangu mkubwa, anauimba humu ndani kutwa, na nikimuuliza ni wa nani ananijibu kwa Kiingereza kwamba ni wa Guka, babu yake. Sitaki aje asome vingine. Najua hupendi makuu, lakini safari hii mimi ndiye nasema.

Kwa hiyo nitumie, kabla ya Alhamisi: majina yako matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho, jina la aliyekufundisha, na kwao ni wapi, ile picha mmesimama mbele ya kanisa, Muthoni aipige kwa simu, na sauti yako ukiupiga wimbo wote, polepole pale katikati panaponishinda. Shangazi akija huku mwezi ujao, mpe ile karing'aring'a yako, kile chuma cha mviringo na kijiti chake cha kugongea. Kifunge kwa kitambaa, kisimpigie kelele uwanja wa ndege.

Binti yako,
Njeri