Nusu Yako ya Doti

Shikamoo, Mama.

Leo umetimiza siku arobaini, na kabla ya yote nakuomba radhi kwa kanga yako.

Siku ya maziko yako, waosha maiti walipofika, Mama Mkubwa aliniambia, "Lete kanga za mama'ko, tumsitirie." Nikaenda kabatini nikachukua za juu. Wewe mwenyewe ulinifundisha kuwa nikitumwa nguo nichukue za juu, nisipekue. Sikusoma. Kichwa kilikuwa kitupu, nasikia feni tu. Ya juu kabisa ilikuwa nusu yako ya ile doti yetu.

Unakumbuka ilivyoanza. Tulikuwa arusini kule Amani, mama wa bwana arusi akasema mbele za watu kuwa binti yako ana kiburi, kanuna tangu alipoingia. Kesho yake ukaenda Darajani, ukanunua doti ya manjano, ukafunika maneno yake kwa kitambaa cheupe, ukakaa kwenye cherehani. "Wenzetu huvaa kanga kumsema jirani," ukaniambia. "Siye tutajisema wenyewe." Nusu yangu ukaishona SIJANUNA, USO WANGU NDIO HUU. Nusu yako, MSIMUULIZE, KESHASEMA. Arusi iliyofuata tukakaa jamvi moja, yule mama akasoma yangu, akasoma yako, akacheka mpaka akapaliwa na soda.

Baada ya hapo hukushikika. Ukanishonea na fulana: NINA USONJI, FENI YAKO INA KELELE. Nikazunguka nayo Kikwajuni nzima. Maisha yangu yote watu walikuwa wakinipa majina, mara kiburi, mara shetani, mara bubu. Siku ile nilijitaja mwenyewe, na nilijiona mrefu.

Basi kanga hiyo ndiyo waliyokusitiria. Nilikuwa nje ya pazia. Nikasikia mtu akicheka, kisha huyohuyo akalia. Mama Mkubwa akatoka, macho mekundu. "Maiti hafanyiwi mzaha, mwanangu!" Nilitaka kumwambia kuwa sikukusudia, lakini maneno hayakuja.

Na sikulia. Sijalia mpaka leo. Siku tatu za matanga watu walinipa mkono, mmoja baada ya mwingine, na kila mkono ulinikwaruza kama msasa. Mmoja alinong'ona kuwa mimi sina uchungu na mama yangu. Uchungu upo mahali, Mama, ila sijaufikia. Naamka, naswali, nadarizi kofia za watu. Cherehani ya jirani ikilia mchana naitika "naam", kisha naendelea na kazi.

Jana Mama Mkubwa alinipa amri. Kwenye khitma yako nivae buibui jeusi, nisimame mlangoni, nimpe kila mtu mkono, watu waone kuwa nakulilia. Nikakubali. Kanga zetu, yangu na ile yako waliyoirudisha baada ya kukuosha, nikazitia kwenye mfuko wa plastiki, nikaufunga mafundo mawili.

Leo nilisimama. Nikawapa mkono watu watatu. Wa nne alikuwa yule mama wa arusini. Hakunyoosha mkono wake. Alilitazama buibui langu, akasema, "Mbona leo hukuvaa kanga yenu? Sasa mie ntajuaje kama umenuna au vipi?" Hakuwa akinicheka. Alikuwa anauliza kweli.

Nikaingia ndani, nikafungua mafundo yote mawili. Yangu nikajifunga kiunoni, yako nikajitanda kichwani, nikarudi mlangoni. Wanawake walikuja wamenyoosha mikono, wakasoma, wakairudisha vifuani mwao. Wengine walitabasamu na machozi yakiwatoka. Ilikuwa rahisi, Mama. Ningeweza kusimama pale mpaka magharibi.

Kisha Mama Mkubwa akatokea. Nilijua atanigombeza mbele za watu. Akasimama, akasoma, ingawa anayajua maneno yale kwa moyo. Halafu akashika upindo wa kanga yako hapa begani kwangu, akaunyoosha taratibu ili herufi zote zionekane. Alishika kanga. Mimi hakunigusa.

"Ilijikunja," akasema, akaingia ndani kusoma Yasini.

Leo ndiyo mara yangu ya kwanza kuvaa doti nzima. Wanawake wote huvaa hivyo, moja chini na moja juu. Mimi sikupenda. Nilizoea nusu moja niwe nayo mimi, na nyingine niione imekaa karibu yangu.

Kwaheri, Mama. Mungu akulaze pema. Nakuahidi nitazivaa zote mbili, arusini na msibani, na zikichakaa nitashona nyingine kwa cherehani yako. Na huko uliko, wakikuuliza mbona binti yako hakukulilia, jibu unalo. Ulilishona mwenyewe.

Mwanao