Kimya cha Miaka Minne

Chuo Kikuu cha McGill,
Montreal, Kanada.
8 Oktoba 1961

Mama Adoyo mpenzi,

Pokea salamu kutoka huku mbali. Natumaini wewe ni mzima, na Adoyo, na mama yangu Zilpah pia. Mimi ni mzima, ila meno yanagongana. Watu hapa wananiambia baridi bado haijaanza! Nikasema haya, ikianza mtanizika na blanketi.

Usikicheke Kiswahili changu. Wewe Mkuria wa Migori, mimi Mjaluo wa Kisegi, na lugha tuliyooana nayo ni hii hii, basi vumilia makosa yake.

Chuo ni kikubwa, cha mawe, chini ya mlima. Katika jengo moja kuna ukumbi mrefu wenye picha za watu waliosoma hapa zamani. Mama Adoyo, hata waziri mkuu mmoja wa zamani wa nchi hii alisomea hapa! Majaji, madaktari, wote ndevu tupu. Jana nilisimama pale mpaka mzee anayefagia akaniuliza natafuta nani. Nikamwambia natafuta nafasi ya picha yangu. Alicheka akashika ufagio kwa mikono miwili.

Bado naona vile mlinisindikiza mpaka gati la Homa Bay. Kanisa zima, ngoma, chifu na kofia yake, mama akipiga vigelegele mpaka meli ikapotea. Hakuna mtu wa Kisegi aliyewahi kusindikizwa hivyo. Sitawaaibisha.

Adoyo anatembea sasa? Niambie ukweli.

Mume wako,
Baba Adoyo

*

Kisegi,
14 Januari 1962

Baba Adoyo,

Salamu sana. Hapa sote tuko salama, isipokuwa Adoyo alikuwa na kikohozi, kimeisha. Anatembea, anakimbia, na amevunja chungu cha mama yako. Mama yako amemtetea, amesema chungu kilikaa vibaya. Mimi ningevunja chungu hicho ningelala nje!

Mama yako sasa hauzi dagaa wa omena kama watu wengine. Mtu akiuliza bei, kwanza anaambiwa mtoto wake yuko Kanada. Wanawake wa sokoni wamechoka naye. Kaltum mwenye duka la nguo alimuuliza juzi, "Mama, kwani Kanada iko karibu na Muhuru Bay?" Akamjibu, "Ni mbele kidogo."

Dishon mdogo wako ametengeneza paa la nyumba yangu, mvua ilikuwa inaingia. Hasemi neno huyo mtu, anapigilia misumari tu kisha anaenda zake ziwani. Nilimpa uji.

Kiswahili chako nimekicheka, utanifanya nini? Lakini barua nimeiweka chini ya mto. Usiku siisomi, naishika tu.

Soma kwa bidii. Ukichoka, kumbuka mimi pia nachoka.

Mke wako,
Mama Adoyo

*

Montreal,
2 Juni 1963

Mama Adoyo,

Hamjambo nyumbani? Mimi sijambo.

Nisamehe kwa kuchelewa na kwa kuandika kifupi. Kuna mambo ya masomo hayajakaa sawa. Usimwambie mama, ataanza kufunga na kuomba bure. Nitaandika vizuri nikitulia.

Mbusu Adoyo.

Baba Adoyo

*

Kisegi,
20 Desemba 1963

Baba Adoyo mpenzi,

Salamu za Uhuru! U hali gani? Sisi wazima. Bendera mpya imepandishwa Homa Bay, tulikwenda wote, Adoyo akiwa mabegani kwa Dishon. Alilala mambo yakiwa bado hayajaanza. Watu walilia, mimi nililia pia, lakini mimi nilikuwa nalia mambo yangu.

Kwani umekuwaje? Hii ni barua ya nne tangu Juni. Ulisema masomo hayajakaa sawa. Hayajakaa sawa vipi? Unaumwa? Umepata mwanamke? Kama ni mwanamke sema, nikasirike, nijue nimekasirika kwa sababu gani. Hiki kimya sikiwezi, haki ya Mungu.

Mama yako anauliza kila Jumatano, siku ya posta. Nimeanza kumdanganya. Namsomea barua zako za zamani na kubadilisha tarehe.

Andika hata mstari mmoja.

Mke wako,
Mama Adoyo

*

Kisegi,
6 Septemba 1964

Baba Adoyo,

Nakusalimu popote ulipo. Adoyo ni mzima, mama yako anaumwa miguu.

Barua zangu tatu zimerudi. Zimepigwa muhuri wa huko, kwamba mwenye jina hili hajulikani hapo. Karani wa posta alinipa mbele ya watu wote, na habari ikafika nyumbani kabla yangu. Halafu Nyabuto, yule kijana wa Kisii aliyekuwa anasoma huko huko, amerudi. Tulimtafuta. Anasema chuoni hukuonekana mwaka mzima, chumba chako analala mtu mwingine, na hakuna anayejua ulikwenda wapi. Alisema tu, "Shemeji, baridi ya kule ni mbaya." Wazee wakaangaliana.

Sasa wanasema barua inarudi kwa sababu haina mwenyewe. Wanataka kuzika yago, lile tunda zito la mvungunya, mnalozika ninyi Wajaluo pale mwili wa mtu usipopatikana. Kwetu Migori sikuliona jambo hilo. Nimekataa. Nimewaambia barua si maiti! Mzee Maurice, kaka wa baba yako, amesema atangoja mpaka mavuno yapite, basi.

Naituma hii hapo hapo chuoni, sina pengine. Elkanah, kama unapumua, andika.

Mke wako,
Mama Adoyo

*

Montreal,
30 Mei 1967

Mama Adoyo wangu,

Sijui nianze na salamu gani. Uko hai? Adoyo yuko hai? Mama? Mimi ni mzima, na juzi nimehitimu. Picha yangu ya joho nimeitia humu ndani.

Ngoja nikwambie bila kupindapinda. Mwaka wa sitini na tatu nilifeli mtihani, nikaambiwa nikae nje ya chuo. Nilifikiria lile gati, ngoma, chifu, vigelegele vya mama. Ningewaandikia nini? Nikahama bila kuacha anwani. Makusudi, Robi. Barua zako za miaka ile sikuzipata kwa sababu sikutaka zinipate. Niliosha vyombo hotelini, nikapakia mizigo stesheni ya reli. Kila mwezi nilisema nitaandika nikiwa na neno zuri la kuandika. Miaka miwili baadaye walinikubalia nirudi darasani, na hapo nikasema basi, nimalize kwanza. Nilitaka barua yangu ya kwanza iwe hii.

Mwaka huu kuna maonyesho makubwa ya mataifa hapa mjini, nimepata kazi kidogo ya kuongoza wageni, nayo itanirudisha nyumbani. Nitashuka Homa Bay tarehe 20 Agosti. Njoo na Adoyo. Nitukane pale pale gatini ukitaka, mbele ya watu, nitanyamaza.

Nilikuwa mjinga. Lakini sikuacha kuwa wako hata siku moja.

Mume wako,
Baba Adoyo

*

Kisegi,
9 Julai 1967

Elkanah,

Salamu. Sisi hatujambo.

Barua yako ilifika Jumatano. Mama yako alikuwa anaanika omena. Nilipomwambia mwandiko ni wako, alichukua jembe akaenda. Nikamfuata. Alikwenda moja kwa moja kwenye kaburi lako. Ndiyo, una kaburi, liko upande wa kulia wa nyumba yangu. Walizika yago Februari ya mwaka sitini na tano. Nilinyolewa kama mjane. Adoyo alitupa udongo kwa mkono wake. Sasa mama yako akachimba peke yake, na miguu yake ile, huku anacheka na kulia, akatoa kile kilichobaki akakipeleka ziwani akakitupa. Aliporudi alikuwa na matope mpaka kifuani. Kwa hiyo huyo ni mtu mmoja anayekungoja.

Baada ya kaburi, Dishon alinirithi. Ndiyo desturi yenu, na sikulazimishwa. Nilikaa miezi mingi kabla ya kukubali. Tuna mtoto wa kiume wa miezi minane. Kwa desturi hiyo hiyo anahesabiwa ni wako, na jina alilopewa ni Elkanah. Kwa hiyo kila siku nimekuwa nikiita jina lako, na anayegeuka ni mwingine.

Wazee wamekaa siku tatu. Mzee Maurice alikuwa ameapa kuwa mtu aliyeliliwa haingii tena boma, lakini amelegea. Wamepata njia. Utalala nje usiku mmoja, kondoo atachinjwa, mtanyweshwa dawa ya mizizi, wewe na mimi na watoto, kisha utaingia nyumba yako na mke wako. Dishon atatoka. Ameshatoka hata sasa, tangu Jumatano analala kwenye mitumbwi. Nilimsomea barua yako yote. Aliniambia, "Ni mumeo. Ukienda sitasema kitu." Kwa Dishon hayo ni maneno mengi.

Kwa hiyo njia ipo. Anayekataa ni mimi.

Ungekufa ningekuwa mjane wako mpaka leo moyoni. Ungekuwa na mwanamke ningekutukana, kisha tungeona. Lakini wewe ulifeli mtihani! Mtihani, Elkanah! Ungeniandikia ningecheka, wallahi ningecheka, ningekwambia rudi tulime, nani anajali picha za ukutani? Uliogopa vigelegele vya mama yako kuliko machozi yangu. Mwaka mzima na zaidi nilimdanganya mama yako, nikagombana na wazee, nikaitwa mchawi wa Kikuria anayezuia marehemu asizikwe. Nilikupigania peke yangu, nawe ulikuwa unaosha sahani na kungoja neno zuri.

Nilikulilia nikamaliza. Nimejaribu tangu Jumatano kukulilia tena ili nirudi kwako, na sioni machozi yanapotoka. Ninaumia, usidhani siumii. Nakupenda vile mtu anavyompenda marehemu wake. Lakini yule anayelala kwenye mitumbwi hakuwahi kuniacha bila kuniaga, hata akienda kutega nyavu.

Tarehe 20 mama yako atakuwa gatini na Adoyo. Adoyo atavaa gauni la bluu umtambue. Ana miaka saba, hakujui, usimbebe kwa nguvu. Anapenda kuulizwa habari za shule.

Mimi nitabaki nyumbani nipike. Mgeni akitoka mbali lazima ale.

Shemeji yako,
Robi